Waliokaa Chini Leparua

Ukitoka Nanyuki kwenda Isiolo, barabara hukupitisha Timau, katikati ya mashamba makubwa ya ngano na vibanda vya plastiki vyenye maua ya kusafirishwa Ulaya kwa ndege. Baridi ya Mlima Kenya hukushika mpaka masikioni. Ukifika njia panda ya Subuiga lami inaanza kuteremka, na kabla hujamaliza kuvua sweta umeshaingia nchi nyingine: upepo wa moto, migunga mifupi, udongo mwekundu, na mbali kaskazini milima ya Samburu iliyosimama mmoja mmoja. Januari ya 2023 mteremko huo ulikuwa na kingine cha kutazama. Kando ya barabara kulikuwa na ngozi kavu za ng'ombe zilizobaki zikifunika mifupa, na punda waliosimama tu, hawali wala hawaendi.

Nilikuwa nyuma ya lori la kukodi, juu ya magunia ya unga na maharagwe, pamoja na vijana wa kanisa moja la upande wa mlimani. Walikuwa wamechanga chakula na sasa wanakipeleka Leparua. Mimi nilialikwa niandike habari ya safari. Kiongozi wao, kijana mpole mwenye sauti ya kuimba besi, alikuwa ameandaa hotuba ya kuwafariji waathiriwa. Ilikuwa kwenye daftari, kurasa kadhaa, na kila lori lilipopunguza mwendo aliifungua akaisoma kimoyomoyo.

Hakukuwa na uhaba wa mambo ya kufariji. Mvua zilikuwa zimekosa misimu mitano mfululizo, tangu zile za mwisho wa 2020. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na baada ya tangazo hali ikazidi kuwa mbaya. Wataalamu wa hali ya hewa walisema Pembe ya Afrika haikuwa imeona ukame wa namna ile kwa miaka 40. Nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2.6 ilikufa, na watu zaidi ya milioni 4 walihitaji chakula cha msaada. Hata pori halikusalimika: Shirika la Wanyamapori, KWS, lilihesabu ndovu 205 na pundamilia wa Grevy 49 waliokufa kati ya Februari na Oktoba 2022. Hao wa Grevy, wenye mistari myembamba na masikio mapana, wamebaki wachache sana duniani, na wengi wao wako huku huku kaskazini mwa Kenya.

Tulisimama Isiolo mjini kubadilisha gurudumu. Ni mji wa watu wa kila aina. Wasomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa nafasi ya kukaa hapa, na vizazi vyao bado vipo, pamoja na Waborana, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Akina mama wanauza maziwa ya ngamia kwenye mitungi ya plastiki, vijana wanatafuna miraa, na sauti ya adhana inapita juu ya yote hayo. Fundi alipoanza kugonga gurudumu nilipata nafasi ya kwenda kulitazama kanisa kuu la Wakatoliki, la Mtakatifu Eusebius. Eusebius alikuwa askofu wa Vercelli, Italia, katika karne ya 4, na jina lake limefika Isiolo kwa sababu mapadre wa Vercelli walifika. Mmoja wao ni Luigi Locati. Alikaa upande huu wa Kenya miongo mingi, akajenga shule, na mwaka 1995 Isiolo ilipotengwa na jimbo la Meru akawekwa kuiongoza. Usiku wa 14 Julai 2005 alipigwa risasi akiwa anatoka kula chakula cha jioni, ndani ya eneo la kanisa. Alikuwa na umri wa miaka 76. Ibada hazikukoma, na mwaka 2023 Isiolo ikafanywa jimbo kamili. Namtaja Locati kwa sababu nilipokuwa nimesimama pale niliona kwamba Ukristo wa Isiolo haukuanza kujifunza habari za kukata tamaa kwa ukame huu. Ulikuwa na makaburi yake tayari.

Leparua iko magharibi mwa mji. Kwa kilomita si mbali, ila lami inakwisha na mawe yanaanza, na kila baada ya kitambo kuna laga la kuvuka, mto wa mchanga mtupu unaofurika kwa saa chache mvua ikinyesha. Ndani ya laga moja tuliwakuta wanawake wamechimba shimo refu kuliko kimo cha mtu. Mmoja alikuwa chini kabisa anateka maji kwa kikombe, anajaza ndoo ndogo, wa juu anaivuta. Jerikeni zilikuwa zimepangwa mstari mrefu, na wenyewe wamekaa kivulini wakingoja zamu. Dereva alizima injini tukasalimia. Hakuna aliyetuomba kitu. Mama mmoja alitutazama juu ya magunia akasema kwa Kiswahili kizuri, "Karibuni. Mmechelewa kidogo, ng'ombe wameshamaliza kufa." Wenzake wakacheka, nasi hatukujua kama inafaa tucheke.

Eneo lenyewe linapakana na hifadhi ya Lewa na ardhi ya jamii ya Il Ngwesi, nalo limekuwa hifadhi ya jamii pia. Ndovu wanaopanda na kushuka kati ya mlima na nyika ya Samburu hupita hapa, na ukame ukizidi huja kutafuta maji pale pale watu wanapotafuta. Wakazi ni Wamaasai, Wasamburu, Waturkana, Waborana na Wasomali. Kuandika makabila hayo kwenye mstari mmoja ni rahisi. Kuyaweka kwenye malisho mamoja, nyasi zinapokwisha, ni kazi. Isiolo inakumbuka mapigano ya 2011 na 2012, watu waliouawa na familia zilizokimbia makwao. Kwa hiyo niliposhuka kwenye lori na kuwakuta wazee wa kanisa wanaotusubiri ni Wasamburu na Waturkana, wamekaa kwenye benchi moja wakigawana ugoro, nilijua nimeona jambo kabla hata ya kuonyeshwa kanisa.

Kanisa lilikuwa la mabati, sakafu ya udongo, dirisha lisilo na kioo. Mchungaji, Msamburu wa makamo aliyevaa koti juu ya shuka, alitupokea kwa "Bwana asifiwe", akatupa maji ya kunawa yasiyozidi kikombe kwa kila mtu, akaenda moja kwa moja kwenye orodha yake. Orodha ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari la shule, nyumba kwa nyumba. Nikasoma majina. Kulikuwa na Waislamu wengi tu. Nilipomuuliza alinijibu bila kuinua macho, "Njaa haikupitia kanisani kuja huku." Kiongozi wetu akaomba nafasi ya kusema maneno machache kabla ya kugawa. Mchungaji akamshika bega: "Kijana wangu, watu wamesimama juani tangu asubuhi. Hebu nisaidie na gunia hili kwanza." Gunia lile likafuatwa na lingine. Ugawaji ulipokwisha jua lilikuwa linazama, na daftari lilikuwa bado mfukoni.

Jioni hiyo wazee walisema wanakwenda kumwona mtu, na kama tunataka tufuatane nao. Niliamini tunakwenda kumwombea mgonjwa. Tulitembea kwenye vumbi mpaka kwenye boma lenye uzio wa miiba. Zizi lilikuwa tupu, na mlango wake haukuwa umefungwa, jambo ambalo mfugaji hawezi kuliacha hivyo usiku hata siku moja akiwa na kitu cha kufunga. Mwenye boma alikuwa ndani ya nyumba, amelala juu ya ngozi, uso ukutani. Hakuwa na homa. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha wote, wa mwisho akiwa jike mwenye baka jeupe aliyemtunza tangu ndama, na tangu siku hiyo alikuwa haamki ila kwa lazima. Mkewe ndiye aliyetueleza, kwa sauti ya chini, huku akitukorogea chai. Ilikuwa strungi, chai isiyo na maziwa. Katika nyumba ya mfugaji, kikombe cha strungi kinamwambia mgeni yote anayohitaji kujua, na nilimwona mama yule akigeuza uso alipokuwa ananipa.

Wazee wakakaa chini nje ya mlango. Mmoja juu ya jiwe, mwingine kwenye kigoda chake cha Kiturkana alichotembea nacho, mchungaji mchangani. Wakanywa chai. Hawakuomba. Hawakusoma Neno. Hawakumwita wala kumshawishi atoke. Baada ya muda walianza kuzungumza mambo madogo madogo, fisi aliyeonekana karibu na shule, bei ya sukari Isiolo, wakinyamaza kwa muda mrefu kati ya neno na neno. Kijana wetu alinitazama mara mbili, kama anayeuliza kazi itaanza saa ngapi. Giza likaingia. Nyota zikajaa. Hapo ndipo yule bwana alipotoka, amejifunika shuka mpaka kichwani, akakaa kando kidogo ya wenzake, akauliza lori lile ni la nani. Mzee wa Kiturkana akamjibu ni la watu wa mlimani. Akaguna. Baadaye akauliza kuhusu fisi. Tulipoondoka mchungaji alisema tu, "Leo ameongea." Walikuwa wamekwenda pale kila jioni.

Wakati wa kurudi nilijaribu kuelewa kwa nini aliyeanguka hivyo alikuwa mwanamume. Wanawake wa Leparua walikuwa wamekonda kuliko waume zao, lakini kulikuwa na maji ya kuteka, kuni za kuokota, mtoto wa kunyonyesha, asubuhi iliwataka. Mwanamume wa jamii ya wafugaji amelelewa na ng'ombe, ameoa kwa ng'ombe, anawajua kwa rangi na kwa ukoo, na siku yake yote hupangwa na miguu yao. Wakifa, hakuna kinachomwamsha. Misaada inayokuja kwa lori huhesabu vinywa. Sijawahi kuona fomu inayouliza nani hajaamka.

Kesho yake, Jumapili, kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa nje. Ibada ilikwenda kwa Kiswahili, ikitafsiriwa kwa Kimaa na kwa Kiturkana, kwa hiyo kila sentensi ilisafiri mara tatu kabla ya kutua. Mchungaji alifungua kitabu cha Ayubu. Alianza na mali: kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, punda 500. Nimewahi kusikia hesabu hiyo ikisomwa mjini, watu wakipiga miayo. Leparua ilisikilizwa kama taarifa ya habari. Ngamia walipotajwa wanaume walitikisa vichwa, na mzee mmoja akamrudisha mkalimani nyuma ahakikishe ni 3,000 kweli. Kisha Ayubu akapoteza wote kwa siku moja, na watoto wake kumi juu yake, na kanisa likanyamaza kabisa.

Nilisubiri afike mwisho, pale Mungu anapomrudishia Ayubu maradufu. Hakufika. Alisimama kwenye sura ya pili, kwa wale marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, waliokuja kutoka mbali, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. "Hapo walifanya vizuri sana," alisema mchungaji. "Walianza kukosea walipofungua midomo." Kicheko kilikuja kwa awamu tatu, kadiri tafsiri ilivyofika. Kijana wetu wa besi alicheka kwa nguvu kuliko wote, na nilimwona akiligusa daftari lake mfukoni.

Sadaka ilifuata. Siku za neema, mifugo na mayai yanayotolewa kanisani hupigwa mnada baada ya ibada, na mnada wenyewe huwa burudani. Siku ile hakukuwa na cha kunadi. Sarafu chache, noti za sisi wageni, na msichana mmoja wa shule aliyebeba jerikeni ya lita tano, akaiweka mbele ya meza na kurudi mahali pake. Ilikuwa maji. Nilikumbuka lile shimo la laga na foleni yake. Wazee walinong'onezana, na ibada ilipokwisha mama wawili waliichukua kwenda nayo kwa mzazi aliyejifungua wiki hiyo, ambaye hakuwa na nguvu za kufika lagani.

Baadaye, chini ya mgunga, nilimuuliza mchungaji kwa nini aliiacha sura ya mwisho. Alifikiri kidogo. "Nikiwaambia watarudishiwa maradufu, wataniuliza lini. Mimi sina tarehe." Nyanya mmoja aliyekaa karibu nasi, shanga zake zimelegea shingoni kwa kukonda, akaingilia. Yeye alikuwa na swali jingine. Ngamia wa Ayubu walirudi, sawa. Alipewa watoto wengine kumi, sawa. Lakini wale wa kwanza? Niliambiwa pembeni kwamba mwanawe aliuawa malishoni miaka ya nyuma. Mchungaji hakukimbilia jibu. "Nyanya, hilo hata mimi namuuliza Mungu," alisema, na bibi akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyetendewa haki. Nikamuuliza yeye, basi, anatumaini nini. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Mimi sijui mvua itakuja lini. Najua Jumapili itakuja, na nisipoonekana watakuja kuniangalia."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, hasa kwa yaliyotokea baada ya hapo. Tarehe 14 Februari mwaka ule taifa lilikusanyika uwanja wa Nyayo kumwomba Mungu mvua, Rais William Ruto akiongoza. Machi mvua zikaanza. Wengi walisema maombi yamejibiwa, na mimi sina sababu ya kuwabishia watu waliokuwa wanakufa kiu wakishukuru. Ila hesabu ya namna hiyo ina hatari. Mwisho wa mwaka huo huo mvua za El Niño zikaleta mafuriko kaskazini, zikasomba nyumba na mifugo iliyokuwa imesalia. Je, hayo nayo tuyaandike kwenye daftari la nani? Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution nao walionyesha kwamba joto la dunia liliufanya ukame ule uwezekane angalau mara 100 zaidi, na wafugaji wa Leparua si walioichafua hewa.

Kulikuwa na hatari kubwa zaidi. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, ya watu walioaminishwa na mhubiri wao kwamba wakijinyima chakula mpaka kufa watakutana na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Kwa hiyo ndani ya miezi michache, nchi moja ilikuwa na Wakristo waliokuwa wanachimba mchanga kutafuta kikombe cha maji kwa ajili ya mtoto wa jirani, na Wakristo waliofundishwa kumnyima mtoto wao chakula. Wote wangekwambia wana tumaini. Kwa maoni yangu tofauti haikuwa ukubwa wa imani, maana wa Shakahola waliamini mpaka kaburini. Mhubiri wa Shakahola alikuwa na tarehe, na aliwatenga watu wake na kila mtu ambaye angekuja kuwaangalia. Mchungaji wa Leparua hakuwa na tarehe, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha hakuna boma linalopitisha jioni mbili bila mgeni. Mimi nakwenda na wa pili. Nadhani Injili pia iko naye. Yesu, huko Bethania, alilia kwanza pamoja na ndugu wa Lazaro, ndipo akaenda kaburini.

Lori letu liliondoka Jumapili mchana. Kiongozi wa vijana hakuitoa hotuba. Badala yake alimwachia mchungaji namba yake ya simu, na mwezi uliofuata akarudi mwenyewe kwa matatu na bodaboda, bila gunia, akakaa siku kadhaa. Aliniambia yule bwana wa zizi tupu alikuwa ameanza kutoka asubuhi kwenda kuwasaidia wanawake kuchimba lagani, kazi ambayo mwanamume wa rika lake haigusi. Mbuzi alipewa baadaye na jamaa, kwa desturi ya wafugaji ya kumwinua aliyeanguka. Ng'ombe bado.

Makanisa mengi ya nyanda za juu hupeleka chakula kaskazini ukame ukija, nayo hufanya vyema. Kama lako linapanga safari kama hiyo, ongeza mambo mawili kwenye mpango. Beba maji yenu wenyewe, ya kutosha kwenda na kurudi, msinywe ya wenyeji. Na mwambie dereva kwamba gari halitarudi siku hiyo hiyo. Magunia yakishashuka, waombe wazee wakupeleke kwa mtu ambaye hajaamka, ukae chini pamoja nao mpaka usiku.